Skrini ya Bidhaa Inayofaa Soko la Mpondwe

Jumanne na Ijumaa ndizo siku kubwa za soko la Mpondwe, jirani na Bwera, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo. Watu huja kutoka pande zote mbili za mto Lhubiriha kuuziana kahawa ya Rwenzori, maharage, samaki na chumvi ya Katwe, na meza moja huweza kupokea shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na dola kabla ya saa sita mchana. Anayetaka kumtengenezea mfanyabiashara wa hapo programu ya simu ya kutunzia hesabu ya mali atakuta orodha ya bidhaa haimsumbui sana. Atakayohangaika nayo ni skrini inayofunguka bidhaa moja ikiguswa.

Skrini hiyo ipokee kitu kimoja tu kutoka kwenye orodha, nacho ni namba ya bidhaa. Jina, bei na kiasi ivisome yenyewe kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya simu. Sababu ni kwamba Android huweza kuivunja skrini na kuijenga upya simu inapogeuzwa tu, na simu yenye kumbukumbu ndogo huweza kuifunga programu wakati mwenyewe yuko kwenye maongezi. Bei iliyobebwa kutoka kwenye orodha huenda imeshabadilika, lakini namba ya bidhaa ni ile ile. Tena hifadhidata ikiwa ndani ya simu, mtandao ukikatika mauzo yanaendelea.

Vijana wengi hujifunza kazi hii kwa mfano wa Google uitwao Inventory. Ni mfano mzuri: kitufe cha kuuza hupunguza idadi kwa moja na huzimika mali inapokwisha, na kufuta bidhaa hutaka uthibitisho. Lakini ukiupeleka Mpondwe jinsi ulivyo utamdhuru mtu. Bei huandikwa bila sarafu, kisha alama ya fedha hufuata lugha na nchi iliyochaguliwa kwenye simu. Simu ikiwa kwenye Kiingereza cha Marekani, shilingi 12,000 zinasomeka dola 12,000. Sarafu lazima ihifadhiwe pamoja na bei, kwenye safu yake. Bei nayo iwe namba kamili ya kipimo kidogo kabisa cha sarafu hiyo: shilingi kwa shilingi, senti kwa dola. Desimali za kawaida za kompyuta haziwezi kuandika sehemu ya kumi kwa usahihi, na makosa hujikusanya.

Kipimo pia kiandikwe. Katika mfano ule idadi ni namba kamili, ilhali sokoni nusu kilo ni biashara. Na neno "kahawa" peke yake halitoshi kwenye skrini: ile iliyokaushwa na tunda lake zima, inayoitwa drugar, haina bei ya ile iliyooshwa.

Jambo zito kuliko yote huja simu zikiwa mbili, moja ghalani Kasese, nyingine mezani Mpondwe, zikitumia hesabu moja. Magunia ni 10. Kasese imeuza 3, Mpondwe imeuza 2, mtandao haupo. Kila simu ikituma idadi iliyobaki, moja itasema 7, nyingine 8, na itakayofika mwisho itaifuta ya mwenzake. Kila simu ikituma mauzo yake, jumla ni 5 yaliyouzwa na 5 yaliyobaki, yeyote atangulie. Kwa hiyo kitufe cha kuuza kiandike tukio la mauzo, na skrini ipate kiasi kwa kujumlisha matukio. Na kwa kuwa matukio hayo huitaja bidhaa, bidhaa ya zamani ifichwe, isifutwe.

Ndugu mtengenezaji, kabla hujamkabidhi mama wa sokoni programu yako, iweke simu kwenye Kiingereza cha Marekani, zima intaneti, kisha uza nusu kilo ya maharage kwa faranga. Alama ya dola ikitokea, kazi haijaisha.