Kupanda, Kukwea na Kuparamia: Miamba ya Kenya na Viwango vya Wakwezi

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili akiulizwa tofauti iliyopo kati ya kupanda, kukwea na kuparamia, yamkini atajibu kwamba maneno hayo ni visawe. Kamusi nazo hufasili kukwea kwa kutumia kupanda. Katika mazungumzo ya kawaida hakuna anayedhurika. Hata hivyo, mbele ya jabali refu, tofauti hiyo huweza kuwa ya uhai na mauti. Makala haya yanaeleza baadhi ya miamba ya Kenya kwa kuzingatia ujuzi wa anayeiendea, na yanapendekeza kila kitenzi kipewe mahali pake.

Kupanda

Kupanda, kwa maana tunayoipendekeza, ni kwenda juu kwa miguu. Mfano bora ni Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya chenye kimo cha mita 4,985, ambako Kisoi Munyao alipeperusha bendera ya taifa wakati wa uhuru mwaka 1963. Anayefuata njia za kawaida za Lenana hahitaji kamba. Anachohitaji ni siku za kutosha za kuuzoeza mwili hewa nyepesi, kwani anayeharakisha huumwa na kichwa, hutapika, na pengine mapafu yake hujaa maji. Tunaposikia kwamba fulani "ameupanda Mlima Kenya", aghalabu amefika Lenana. Batian na Nelion ni habari nyingine.

Kukwea

Kukwea ni kwenda juu kwa mikono na miguu, mahali ambapo anayeteleza huanguka. Watu wa Pwani wanalifahamu hili: si kila mwenye mikono ni mkwezi wa minazi. Mkwezi wa majabali hujifunga kamba, naye mwenzake aliye chini huilegeza kadiri mkwezi anavyosonga, tayari kuikaza akiteleza.

Mwanagenzi anaweza kuanzia Fischer's Tower, katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Huu ni mnara wa mwamba wa volkeno wenye kimo cha takriban mita 25, uliopewa jina la mvumbuzi Mjerumani, Gustav Fischer, aliyefika huko mwaka 1883. Kwa kuwa ni mfupi, mwalimu huweza kumwelekeza mwanafunzi kwa sauti tangu mwanzo hadi mwisho.

Aliyekwisha kupata misingi huelekea Lukenya, kilima kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa. Wanachama wa Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949, wamekwea huko kwa miongo mingi. Njia zake ni fupi na za viwango mbalimbali, hivyo panafaa kujifunzia kutangulia. Anayetangulia hupachika vyuma katika nyufa za mwamba na kupitisha kamba humo. Akianguka, huteremka chini ya chuma chake cha mwisho kabla kamba haijamdaka. Kwa hiyo, chuma kilichopachikwa vibaya ni sawa na kutokuwa na chuma.

Mzoefu huzikabili kuta kuu za Hell's Gate, ambazo hupita mita 100. Aidha, tumbusi hutaga katika magenge hayo, na mkwezi mstaarabu huwaepuka.

Bingwa ndiye wa Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), vilele vyenye majina ya malaiboni wa Kimaasai. Halford Mackinder, César Ollier na Joseph Brocherel walifika Batian mwaka 1899. Nelion ilisubiri hadi 1929, ilipokwewa na Eric Shipton na Percy Wyn-Harris. Hapa hata kalenda ni sehemu ya ujuzi. Mlima huu uko karibu na Ikweta: katikati ya mwaka jua huelemea kaskazini na kukausha kuta za upande huo, ilhali kati ya Desemba na Machi huwa zamu ya kusini. Asiyelijua hili hukuta barafu alikotarajia mwamba mkavu.

Kuparamia

Kuparamia ni kukwea kwa pupa bila maandalizi. Mtu huweza kuparamia Fischer's Tower licha ya ufupi wake, kwa kuwa mita 25 zinatosha kuua. Isitoshe, mpanda ngazi hushuka, na ajali nyingine hutokea mkwezi akiwa tayari amefurahia kilele.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba istilahi si pambo. Mara nyingi mkwezi hamwoni mwenzake. Humsikia tu, tena kupitia upepo. Amri zao hazina budi kuwa fupi na zisizofanana kwa sauti: "kaza" na "legeza" zinafaa, kwa sababu hata silabi moja ikipotea bado zinatofautika. Wanaisimu wana kazi hapa. Tukiwaachia wakwezi wetu kitenzi kimoja kwa mambo matatu, tusishangae aliyezoea kupanda akijiona yu tayari kukwea, kumbe anaparamia.