Siku Tatu Hadi Ngoingwa

Sisi watu wa Mwambao hatuna desturi ya kwenda bara kutembea. Huenda kwa shughuli, na shughuli yenyewe aghalabu si ya furaha. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa yetu, mimi na mke wangu tulikuwa tumepanda kwenda Nairobi mara tisa, nami nimezihesabu: mara nne msiba, mara tatu hospitali, mara moja kumpeleka binti yetu chuoni, na mara moja kumpeleka kwa mumewe. Zote tulikwenda kwa basi la usiku, isipokuwa hizo za mwisho mwisho tulizokwenda kwa treni ya reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017 na ambayo hukufikisha kwa muda wa saa tano hivi. Safari za namna hiyo huioni njia. Unasinzia Mariakani, unazinduka Athi River, shingo imekukaza na moyo umetangulia kule unakokwenda.

Binti yetu huyo na mumewe sasa wamejenga Ngoingwa, ukishaupita mji wa Thika kwa njia ya kwenda Mang'u, na katika nyumba hiyo wametutengea chumba. Kwa mwaka mzima simu zao zilikuwa ni hizo kwa hizo: Baba, Mama, njooni mkae nasi, mnangoja nini huko peke yenu? Mimi jawabu langu lilikuwa kikohozi. Mke wangu alisema, "Siku nendapo nitakwenda kwa gari, mchana, na pole pole. Nataka niione ndia nitakayorejea."

Maneno hayo yalinipendeza sana. Niliyaelewa kuwa ni ya mtu aliyekwisha kuamua kurudi kwake.

Basi mwezi wa Julai nikalitia gari letu kuukuu kwa fundi, likabadilishwa matairi na breki, tukaondoka Mombasa Jumanne saa mbili asubuhi. Tulikubaliana tufike Alhamisi, tukae Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, Jumatatu tushike njia ya kurudi. Hesabu hiyo msomaji naaishike. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita mia nne na themanini na kitu, na kwenda Thika ni kama arubaini na tano nyingine. Kijana mwenye haraka huimaliza kabla ya alasiri. Sisi tuliipangia siku tatu, na jirani yetu mmoja akauliza kama gari ni bovu.

Mahamri yaliisha Mazeras. Mariakani tulishuka tukanywa kahawa, tukayatazama malori yakipanga foleni, kisha tukaingia Samburu na Taru, na hapo ndipo nilipoanza kuona haya kwamba nimefika umri huu bila ya kuijua nchi niliyoipita mara nyingi hivyo. Mibuyu imesimama kama watu waliositishwa katikati ya mazungumzo, na ardhi ni nyekundu mpaka jicho linakoma. Hii ndiyo nyika ya Taru waliyoiogopa wazee wetu. Misafara ya Mombasa iliikata kwa miguu, wapagazi wakichukua maji pamoja na bidhaa, kwani baina ya ziwa la mvua na lingine mtu aliweza kufa kwa kiu. Mke wangu alizima redio. Akaniuliza, "Walitembea siku ngapi?" Nikamwambia ni siku nyingi, maana mzigo ulikuwa kichwani na maji yenyewe ni ya kutafuta. Akasema, "Na wakarudi?" Nikasema wengi walirudi, na wengine walioa huko huko wakakaa. Hapo sikutia maanani.

Adhuhuri ilitukuta Mackinnon Road. Jina hilo ni la Mskoti, William Mackinnon, tajiri wa meli aliyeongoza ile Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki iliyoikodi pwani yetu, na barabara iliyoanza kukatwa kwenda bara miaka ya 1890 ikaitwa kwa jina lake. Lakini msafiri Mwislamu hasimami hapo kwa ajili ya Mackinnon. Husimama kwa ajili ya kaburi la Sayyid Baghali Shah lililo ndani ya msikiti kando ya reli. Alikuwa Mhindi aliyekuja kufanya kazi ya kuijenga reli hiyo, na wenyeji husimulia kwamba karai la udongo alilojitwika lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila ya kumgusa. Mimi sikuwapo. Niliona tu malori matatu yameegeshwa nje, na mmoja wa madereva, asiyekuwa Mwislamu kwa nilivyomsikia, akitia sarafu kwenye kisanduku kabla ya kuendelea.

Hapo tulisali adhuhuri na alasiri kwa kuzikusanya na kuzipunguza, rakaa mbili mbili. Wasomaji wengi wanaijua ruhusa hii, lakini vijana nimewaona wakiichanganya. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, safari yake imekatika tangu anapofika; atasali rakaa nne kama mwenyeji. Akinuia pungufu ya siku nne, ruhusa yake ingaliko. Kwa hiyo jambo zima liko kwenye nia, na nia ni ya mtu na Mola wake.

Tulilala Voi. Jumatano tukaanza kwa kuwatazama ndovu, na hatukulipa kiingilio, kwani barabara yenyewe imepita baina ya Tsavo mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, na ndovu hawasomi mabango. Walikuwa sita, wekundu kwa vumbi la kwao. Tukaegesha mbali, tukazima mota, tukakaa karibu nusu saa, malori yakitupita kwa kishindo na gari likitikisika. Katika mara tisa tulizopita hapa hatukuwahi kuona hata mkia wa swala. Penye daraja la mto Tsavo nilimsimulia habari za wale simba wawili waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898 mpaka kazi ikasimama, na kwamba ngozi zao zimejazwa na kuwekwa katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago. Akasema, "Hata simba wamehama." Tukacheka.

Makindu ndipo mahali nitakapopakumbuka zaidi. Jina linafanana na mkindu wetu wa kusukia mikeka, na mke wangu, ambaye mikono yake haijapata kupumzika na ukili, alikuwa akichungulia dirishani kuutafuta. Masingasinga waliokuwa kwenye kazi ya reli walikuwa na mahali pao pa ibada hapo, na hekalu lililosimama sasa lilijengwa mwaka 1926. Kila msafiri hupewa chakula bila ya malipo na bila ya kuulizwa dini yake. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaosha mikono, unaketi. Mke wangu alikuwa amekwisha kujifunika kwa buibui lake, basi yeye hakuwa na la kuongeza. Mimi kofia yangu ilitosha. Tulikula dengu, chapati na wali, hapana nyama kabisa, kwa hiyo halikuwako la kumtia mtu wasiwasi. Walitupa na pahali pa kulala. Usiku mke wangu aliniambia maneno niliyoyafikiri sana. Alisema miaka yote hii alikuwa akidhani baina ya Mombasa na kwa binti yake hapana kitu, ni giza tu la basi. "Kumbe kuna watu njia nzima."

Alhamisi tuliamka na alfajiri. Emali tukanunua machungwa. Kisha Sultan Hamud, mji wenye jina la Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyetawala Unguja toka 1896 hadi 1902, zama ambazo bendera ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Ngome yetu ya Mombasa, na iliendelea kupepea hadi 1963. Nilitaka kulieleza hilo kwa urefu, lakini mwenzangu alikuwa na shughuli ya kupatana bei ya kiondo.

Nairobi tuliikwepa. Yako mapya huko, ile barabara ya juu kwa juu ya mwaka 2022 na mengineyo, lakini sisi tulishika njia ya pembeni ya mashariki tukatokea Ruiru, tukaingia barabara kuu ya Thika iliyofunguliwa mwaka 2012, yenye njia nyingi kwenda na nyingi kurudi. Hapo nilikuwa mtu mzima wa kijijini. Mikono ilitoka jasho, na mke wangu akanishika bega asiseme neno. Thika tulisimama tukayatazama maporomoko ya mto Chania, kwenye ile hoteli ya tangu 1908, maji yamejaa udongo na baridi inapenya mpaka kwenye mifupa. Saa kumi na moja tulikuwa Ngoingwa.

Nyumba ni nzuri, Mungu aibariki. Palipokuwa mashamba sasa ni majumba ya mawe, na kila ua una mpapai au mparachichi. Asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa nne. Adhana sikuisikia, Ijumaa mkwe wangu alinichukua kwa gari mpaka msikiti wa mjini. Usiku alitusalisha yeye, naye ni mwenyeji, kwa hiyo sote nyuma yake tulitimiza rakaa nne za isha kama ipasavyo. Suala la kuhamia halikutajwa. Binti yetu ana adabu, na mimi nilijitia kusifu mparachichi.

Jumamosi vijana walikwenda kazini, tukabaki wawili. Adhuhuri ilipoingia mke wangu alitandika mkeka tuliotoka nao nyumbani. Akaniuliza kibla, nikamwonyesha kaskazini, kama kwetu, ila hapa imeegemea mashariki kidogo. Nikasimama mbele, yeye nyuma, nikanuia kupunguza. Rakaa mbili zikaisha. Nikatoa salamu kuume, nikatoa salamu kushoto, nikingoja kuisikia ya kwake.

Nilichosikia ni takbiri ya sauti ya chini, na nguo zikisuguana kwenye ukindu. Alikuwa ameinuka kutimiza nne.

Nikabaki nimekaa, nikivuta uradi pole pole mpaka akamaliza.