Puli Kubwa Haizalishi Umeme

Kila mgao wa umeme unaporejea, wakulima wenye trekta huwarudishia mafundi swali lile lile: puli ya ukubwa gani, na flaiwili, yaani gurudumu zito la chuma, ya kilo ngapi, zitaiwezesha trekta ndogo kuendesha jenereta kubwa? Swali hilo limepinda tangu mwanzo, kwa kuwa linadhani kwamba nguvu huongezeka ikiwa njiani kutoka kwenye injini kwenda kwenye alteneta, ambayo ndiyo sehemu ya jenereta inayozalisha umeme.

Kazi ya puli ni kubadilisha kasi. Shafti ya kutolea nguvu iliyo nyuma ya trekta, ambayo mafundi huiita PTO, kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, ilhali alteneta yenye ncha nne za sumaku huhitaji mizunguko 1,500 ili itoe umeme wa hezi 50 unaotumika Tanzania na Kenya. Puli ya sentimita 42 ikivuta ya sentimita 15 huleta mizunguko 1,512, na hapo hesabu imekwisha. Kasi inapokaribia kuzidishwa mara tatu, nguvu ya kusokota shafti hupungua kwa kiasi hicho hicho, na sehemu nyingine hupotelea kwenye mikanda kama joto.

Uzushi mkubwa zaidi, hata hivyo, umejengwa juu ya flaiwili, ambayo husemwa kuwa "ikishashika mwendo" hujiendesha na kuzalisha umeme wa bure. Sahani ya chuma ya kilo 100 yenye kipenyo cha sentimita 60, inapozunguka mara 1,500 kwa dakika, huhifadhi nishati ya takriban kilojuli 55. Na kwa kuwa mzigo wa kilowati 5 hula kilojuli 5 kila sekunde, akiba yote hiyo, hata kama isingepotea chembe, ingekwisha kwa sekunde 11, na taa zingefifia mapema zaidi. Flaiwili hulainisha mshtuko wa mzigo unaoingia ghafla, nayo ni kazi ya maana, lakini kila kilojuli inayoitoa ilitiwa kwanza na dizeli. Wanaofunga mota izungushe flaiwili, flaiwili izungushe alteneta, kisha alteneta irudishe umeme kwenye mota ile ile, hawajawahi kupiga hesabu: mota yenye ufanisi wa asilimia 90, mikanda ya asilimia 95 na alteneta ya asilimia 85 hurudisha kama 73 kati ya kila 100, kabla hata balbu moja haijawashwa. Video zinazoonyesha mtambo huo ukifanya kazi ama zimeficha betri au waya, ama zimekatwa kabla gurudumu halijasimama, na anayeuziwa michoro yake ameibiwa.

Yaliyobaki ni mepesi. Kila kilowati itengewe nguvu farasi 2, hivyo trekta ya nguvu farasi 50 isibebeshwe zaidi ya kilowati 25. Mota za pampu ziwashwe moja baada ya nyingine, kwa sababu kila moja huvuta umeme mara kadhaa ya kawaida inapoanza. Mita ya volti na ya hezi ziwekwe mahali zinapoonekana. Jenereta ipate waya wake wa ardhini. Trekta ibaki nje, mbali na madirisha, kwa ajili ya moshi. Na PTO ivalishwe kikinga chake, kwani shafti inayozunguka mara 9 kwa sekunde ikinasa pindo la kanga haimwachi mvaaji nafasi ya kupiga kelele.

La mwisho halina mjadala. Umeme wa jenereta haupaswi kamwe kuingizwa nyumbani kupitia soketi, kwa maana transfoma ya mtaani huupandisha hadi volti 11,000 au 33,000 na kumuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini kwamba laini imezimwa. Chenjova, yaani swichi inayotenganisha kabisa gridi na jenereta, ifungwe na fundi mwenye leseni, na asiyeweza kuigharimia aunganishe friji au kiangulio chake moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nene.