Fizi zikitoka damu, usiweke mswaki chini
Elimu ya usafi wa kinywa, nyumbani na chuoni, kwa wakazi wa Eastlands

Wakazi wengi wa Eastlands humtafuta daktari wa meno baada ya jino kuwakesha usiku mzima. Kabla ya usiku huo, mara nyingi kuna dalili iliyokuwa ikijitokeza kwa miezi au hata miaka: damu kwenye mswaki, au kwenye mate yanayotemwa asubuhi. Wapo wanaodhani wamejikwaruza. Wapo wanaolaumu mswaki mgumu. Na wapo wanaoamua kuruka sehemu inayotoka damu ili isiumie zaidi. Uamuzi huo wa mwisho ndio unaogharimu meno.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa mwaka 2015 ulionyesha kuwa takriban asilimia 98 ya watu wazima waliochunguzwa nchini walikuwa na fizi zinazotoka damu. Hili si tatizo la mtaa mmoja wala la watu wa kipato fulani. Liko Buruburu na Donholm kama lilivyo Dandora, Kayole na Mathare. Habari njema ni kwamba katika hatua zake za mwanzo tatizo hili linaweza kuondolewa nyumbani, bila dawa ya hospitali, mradi mtu aelewe kinachotokea kinywani mwake.

Kinachotokea kinywani

Dakika chache baada ya jino kusafishwa, mate huacha utando mwembamba juu yake. Bakteria wanaoishi kinywani hujibandika kwenye utando huo, wakaongezeka na kufanya tabaka laini, jeupe au la manjano, linaloitwa ukoga. Ukipitisha ukucha kwenye jino asubuhi, ukoga ndio unaobaki kwenye ukucha.

Ukoga huleta madhara ya aina mbili. Kwanza, bakteria wake hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya gamba gumu la nje la jino. Baada ya kila kitu chenye sukari, iwe ni chai, soda, biskuti au peremende, asidi hupanda ndani ya dakika chache, na mate huhitaji kati ya nusu saa na saa moja kuituliza. Kwa hiyo mtoto anayelamba peremende moja baada ya nyingine kuanzia saa nne hadi saa nane huyapa meno yake mapumziko madogo sana. Idadi ya mara anazokula vitamu kwa siku ina uzito mkubwa, hata pale ambapo kiasi cha sukari ni kilekile.

Pili, ukoga ukikaa kwenye mpaka wa jino na fizi, mwili huutambua kama adui. Damu huelekezwa kwa wingi mahali hapo, fizi huvimba, hugeuka nyekundu na hutoka damu zikiguswa. Damu hiyo ni ishara kwamba pale pana uchafu uliokaa. Mtu anayeacha kupiga mswaki sehemu hiyo anauacha uchafu uzidi, na damu huzidi pia.

Ukoga usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugeuza kuwa ugaga, yaani tabaka gumu kama jiwe ambalo mswaki hauwezi kulitoa. Chini ya ugaga bakteria huendelea na kazi yao, na kwa watu wengine mfupa unaoshikilia jino huanza kuliwa. Hapo jino hulegea. Mfupa uliopotea kwa njia hiyo haurudi kama ulivyokuwa.

Jaribio lililothibitisha

Ushahidi wa maelezo haya ulipatikana mwaka 1965 mjini Aarhus, nchini Denmark. Mtafiti Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi zenye afya, wengi wao wakiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari wa meno, na kuwataka waache kabisa kusafisha meno. Wote 12 walipata uvimbe wa fizi, wengine baada ya siku 10 na wengine baada ya siku 21. Waliporudia kusafisha meno, fizi zao zilipona kwa takriban wiki moja.

Matokeo hayo yanampa mkazi kipimo anachoweza kukitumia mwenyewe. Fizi zinazotoka damu zikisafishwa vizuri na kwa upole kila siku, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiwa baada ya muda huo bado inatoka, huenda kuna ugaga unaohitaji kuondolewa na mtaalamu, au kuna ugonjwa mwingine unaochangia. Kisukari huzidisha ugonjwa wa fizi, na ugonjwa wa fizi hufanya sukari ya mwilini iwe vigumu kudhibiti. Wajawazito pia hupata uvimbe wa fizi kwa urahisi kutokana na mabadiliko ya homoni. Mama mjamzito anapohudhuria kliniki ni vyema amweleze muuguzi hali ya fizi zake, wala asiogope kutibiwa meno akiwa mjamzito.

Kupiga mswaki kwa vitendo

Mswaki uwe na nywele laini. Uelekeze nywele zake pale jino linapokutana na fizi, kwa kuinamisha mswaki nusu ya pembe mraba, kisha utikise kwa miendo mifupi bila kukandamiza. Piga meno mawili au matatu kwa wakati mmoja, upande wa nje, upande wa ndani, kisha juu ya magego. Kazi nzima huchukua dakika mbili. Fanya hivyo mara mbili kwa siku, na mara ya pili iwe kabla ya kulala, kwa sababu usiku mate hupungua na jino hubaki na ulinzi mdogo.

Dawa ya meno iwe na madini ya floridi, ambayo huimarisha gamba la jino dhidi ya asidi. Soma maandishi ya tyubu: kiwango kinachopendekezwa ni kati ya ppm 1,000 na ppm 1,500. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka dawa ya meno ya aina hii kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Tyubu ndogo ya dukani inatosha iwapo ina floridi, kwani bei kubwa haiongezi kinga. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Mzazi amsaidie mtoto kupiga mswaki hadi afike takriban miaka saba au minane. Ukimaliza, tema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kwenye meno.

Vijiti vya mti wa mswaki vinavyouzwa Eastleigh na kwingineko, ambavyo ndivyo vilivyokipa kifaa hiki jina lake la Kiswahili, vinasafisha pia vikitumiwa kwa uangalifu. Anayevitumia ahakikishe anafika upande wa ndani na kwenye magego ya nyuma, mahali ambapo kijiti hupita kwa shida. Mkaa na majivu havifai. Hukwaruza gamba la jino, na gamba hilo halioti tena.

Meno ya kahawia na maji ya visima

Wapo wakazi wanaosugua meno kwa nguvu kwa sababu yana madoa ya kahawia au meupe kama chaki. Mara nyingi madoa hayo hayatokani na uchafu. Hutokana na floridi nyingi katika maji ambayo mtu alikunywa akiwa mtoto, meno ya ukubwani yalipokuwa yakijiunda ndani ya fizi. Maji ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nairobi na Bonde la Ufa huwa na floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachokubalika, ilhali maji ya mvua na ya mabwawa kama Ndakaini huwa na kiasi kidogo.

Jambo hili lina uzito katika mitaa inayotegemea visima na wauzaji wa maji ya mitungi. Kuchemsha maji huua viini, lakini hakuondoi floridi. Familia yenye watoto chini ya miaka minane, ikiweza, itumie maji ya mfereji au ya mvua yaliyotibiwa kwa kunywa na kupikia, na ya kisima kwa kufua na kuoga. Wanaosimamia visima vya mitaa nao wanapaswa kuyapima maji hayo na kuwaeleza wateja matokeo. Aliyekwisha pata madoa asisugue. Amwone daktari wa meno, kwa kuwa kuna njia salama za kuyapunguza.

Wanaosomea kazi hii

Kazi ya kuzuia magonjwa ya meno ilipewa taaluma yake mapema karne iliyopita. Mwaka 1906 daktari wa meno Alfred Fones wa mji wa Bridgeport, Marekani, alimfunza msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa. Mwaka 1913 alifungua shule, na wahitimu wake wakaajiriwa kusafisha meno ya watoto katika shule za mji huo na kuwafundisha usafi wa kinywa.

Afrika Mashariki nayo ina mchango wake. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianza kubuniwa njia ya kuziba jino lililotoboka kwa kutumia vifaa vya mkono pekee, bila umeme wala mashine ya kukereza. Sehemu iliyooza hukwanguliwa na tundu likajazwa saruji maalumu ya meno. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza njia hiyo kwa dunia nzima. Inafaa shuleni na katika vituo vidogo vya afya.

Nchini Kenya, wanaofanya kazi ya aina hii huitwa maafisa wa afya ya kinywa ya jamii. Hufunzwa kwa stashahada ya miaka mitatu katika Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya (KMTC), ambacho bewa lake la Nairobi liko karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Darasani husoma muundo wa jino na fizi, bakteria, lishe na afya ya umma. Kwa vitendo hujifunza kuondoa ugaga, kupaka floridi, kuziba mianya ya magego kabla hayajaoza, kuziba matundu madogo, na kutambua mgonjwa anayestahili kupelekwa kwa daktari. Hujifunza pia kutakasa vifaa kwa mvuke wa nyuzi 121 au zaidi, kwani kifaa kisichotakaswa huweza kuhamisha maradhi ya damu kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Kijana wa Umoja au Kariobangi aliyemaliza KCSE na kupata wastani wa C au zaidi anaweza kuangalia masharti ya masomo mahususi kupitia mfumo wa KUCCPS, ambao ndio hupokea maombi ya KMTC. Anayetaka kuwa daktari wa meno husoma shahada, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimefunza madaktari wa meno tangu miaka ya 1970.

Mtambue mhudumu halali

Maumivu na ukosefu wa fedha huwasukuma baadhi ya wakazi kwa watu wanaong'oa meno vyumbani bila leseni. Hatari zake ni kubwa: kuvuja damu kusikokoma, taya kuvunjika, usaha kusambaa, au kuambukizwa homa ya ini. Madaktari wa meno na maafisa wa afya ya kinywa ya jamii husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya (KMPDC), na sajili yake inaweza kukaguliwa mtandaoni kwa jina la mhudumu. Kabla ya kuketi kwenye kiti, mkazi ana haki ya kuona leseni ya mwaka huu, kuuliza vifaa vimetakaswa vipi, na kuona glavu mpya zikivaliwa.

Wapo wanaoogopa kuondolewa ugaga kwa kuamini kwamba kunalegeza meno. Ukweli ni kwamba jino hulegezwa na ugonjwa uliokula mfupa chini yake, na ugaga ulikuwa ukiuficha ulegevu huo tu.

Ni wakati gani wa kwenda

Nenda kituo cha afya ikiwa fizi zinatoka damu zaidi ya wiki mbili licha ya kusafisha vizuri, jino linalegea, kuna usaha au uvimbe, kidonda cha mdomoni hakijapona kwa wiki mbili, au mtoto anauma chakula kwa upande mmoja. Ukivimba uso na kupata homa, au ukishindwa kumeza, usingoje asubuhi. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ina idara ya meno inayowahudumia wakazi wa Eastlands, na kituo cha afya kilicho karibu nawe kitakueleza mahali pengine huduma hiyo inapopatikana. Mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea nyumba yako pia anaweza kukuelekeza, hivyo mtajie fizi na meno ya watoto kama unavyomtajia homa au kikohozi.