Kinyozi wa Nyumbani au Kinyozi wa Mtaani: Nani Amnyoe Mtoto?

Utangulizi

Waswahili husema kwamba kinyozi hajinyoi. Methali hii hutumiwa kumkumbusha binadamu kuwa hata awe na ujuzi wa kiasi gani, yapo mambo ambayo hana budi kumwachia mwenzake amfanyie. Hata hivyo, tukiichunguza kwa makini tutagundua kwamba imenyamazia jambo moja: haisemi kwamba kinyozi hamnyoi mwanawe. Pengo hilo ndilo linalotupa mada ya makala haya. Katika familia nyingi nchini Kenya, hasa shule zinapokaribia kufunguliwa, mzazi hukabiliwa na swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni dogo: je, amketishe mwanawe kwenye kigoda uani na kumnyoa mwenyewe, au atoe pesa ampeleke kwa kinyozi?

Wengi hulijibu swali hili kwa kuangalia mfuko. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mfuko ni kigezo kimoja tu, na wala si kigezo kikuu. Kigezo kikuu ni usalama wa kichwa cha mtoto, nao hutegemea chombo kinachotumika, usafi wake, na jicho la anayekitumia. Mzazi anapomlipa kinyozi hununua ustadi wa mkono. Jukumu la kukitazama kichwa hubaki lake. Ususi hatutaushughulikia, kwa kuwa huo ni uwanja mpana unaojitegemea.

Neno na Dhana

Ni vyema tuanze na neno lenyewe. Nomino kinyozi imetokana na kitenzi nyoa. Kitenzi hiki kinapotiwa kauli ya kutendwa tunapata nyolewa, na hapo hujitokeza sauti l ambayo imefichika katika umbo la kawaida. Sauti hiyo inapokutana na kiishio -i cha kuundia nomino ya mtenda, hugeuka kuwa z. Ndivyo ilivyo pia kwa kitenzi lea, ambacho hutupa lelewa na mlezi. Kimofolojia, basi, mlezi na kinyozi wamepitia njia moja. Tofauti yao imo katika kiambishi awali: mlezi amechukua m-, ilhali kinyozi amechukua ki-, sawa na kiongozi. Pamoja na hayo, upatanisho wa kisarufi humrejesha kinyozi kwa watu, nasi husema kinyozi huyu amefika.

Nchini Kenya neno hili limepanuka kimaana. Mabango yaliyoandikwa "Kinyozi" hutundikwa mbele ya vibanda mijini na vijijini, na si ajabu kumsikia mtu akisema kwamba anaenda kinyozi, akimaanisha mahali. Mtu na mahali pake pa kazi vimepata jina moja. Upanuzi huu unaakisi mabadiliko ya kijamii: kazi iliyoweza kufanyiwa uani, barazani au chini ya mti imepata chumba chake, bei yake na kioo chake. Msamiati wa mitindo nao umehama. Neno denge, yaani mtindo wa kunyoa kichwa na kuacha shungi utosini, siku hizi linapatikana kamusini kuliko kibandani, ambako mteja huagiza kwa tarakimu: namba 1, namba 2, au upara.

Unyoaji na Ulezi katika Mila

Katika baadhi ya jamii zetu, kumnyoa mtoto hakukuwa huduma ya kulipiwa bali sehemu ya ulezi. Miongoni mwa Waislamu wa pwani, kwa mfano, mtoto mchanga hufanyiwa akika, ambayo kwa kawaida huwa siku ya 7 tangu azaliwe. Pamoja na kuchinjiwa mnyama, mtoto hunyolewa nywele alizozaliwa nazo, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito sawa na nywele hizo. Wamaasai nao wanayo sherehe ya Eunoto, ambapo morani anayepanda daraja hunyolewa nywele zake ndefu, na anayemnyoa ni mamake mzazi. Katika mifano hii miwili mkono unaonyoa unabeba ujumbe: mtoto huyu ni wetu, naye anavuka hatua moja kwenda nyingine.

Mifano hiyo haithibitishi kuwa kila mzazi ni kinyozi. Inachotuonyesha ni kwamba unyoaji wa nyumbani ulikuwa na utaratibu na wajuzi wake. Aliyemnyoa mtoto mchanga alijua kwamba utosi wake ni laini na haustahimili kugandamizwa. Sehemu hiyo laini ya mbele mara nyingi hufunga mtoto akiwa na umri wa kati ya miezi 12 na 18. Mzazi wa leo anayeamua kunyoa nyumbani pasi na ujuzi kama huo hafufui mila, bali anakisia tu.

Hesabu ya Gharama

Tuigeukie sasa hoja ya mfuko. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kinyozi wa mtaani anatoza shilingi 50 kwa kila mtoto, na kwamba mzazi ana watoto 3 wanaonyolewa kila baada ya majuma 3. Kila awamu itamgharimu shilingi 150. Kwa kuwa mwaka una takriban awamu 17, atalipa shilingi 2,550 kwa mwaka. Iwapo mashine ya kunyolea inauzwa shilingi 2,000, bei yake itakuwa imerudi kufikia awamu ya 14, yaani baada ya miezi 10 hivi. Kuanzia hapo atalipia umeme, mafuta ya mashine na spiriti pekee.

Lakini mzazi mwenye mtoto mmoja, kwa bei zizo hizo, atahitaji awamu 40 ili kurudisha gharama ya mashine, na hiyo ni zaidi ya miaka 2. Mashine ikiharibika kabla ya muda huo, atakuwa amepata hasara. Aidha, mashine isiyo na betri hutegemea umeme, na umeme ukikatika katikati ya kazi mtoto atabaki na nusu ya kichwa. Kwa hivyo, kauli kwamba kunyoa nyumbani ni rahisi kuliko kulipa ni kweli kwa baadhi ya familia na si kweli kwa nyingine. Idadi ya watoto na uimara wa mashine ndivyo huamua.

Usalama wa Kichwa

Zipo hatari mbili ambazo mzazi yafaa azijue. Ya kwanza ni mapunye, ambayo wengine huyaita mashilingi. Haya ni maambukizi ya kuvu yanayoshika ngozi ya kichwa na nywele zenyewe. Huwapata hasa watoto ambao hawajabalehe, na dalili zake ni mabaka yenye magamba, mwasho, na nywele kukatika. Huenezwa kwa kugusana na kwa kushirikiana vitu kama chanuo, kofia, taulo na mashine ya kunyolea. Kwa kuwa kuvu huingia ndani ya unywele, dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Daktari humpa mtoto dawa ya kumeza kwa majuma kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8. Kumnyoa upara mtoto mwenye mapunye hakumponyi, na mashine iliyomnyoa ikipitishwa kichwani mwa nduguye bila kusafishwa, ugonjwa utakuwa umepata daraja.

Hatari ya pili ni damu. Wembe hugusa ngozi, na mkwaruzo mdogo usioonekana kwa macho unatosha kuacha damu kwenye makali. Kirusi cha homa ya ini aina ya B chaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Ndiyo maana kushirikiana wembe ni kosa hata pale ambapo wanaoshirikiana ni ndugu wa tumbo moja. Kila mtoto anyolewe kwa wembe mpya, na wembe huo ukishatumika utupwe mahali ambapo hautamdhuru mwingine.

Hapa ndipo kosa la kawaida la mjadala huu hubainika. Wanaotetea unyoaji wa nyumbani hudhani kwamba nyumbani ni salama kwa sababu ni nyumbani. Wanaotetea kinyozi hudhani kwamba kibanda ni salama kwa sababu kina kioo na taa. Kuvu haijali ukoo wala mapambo. Panapo usalama ni pale ambapo nywele zilizonasa kwenye meno ya mashine hupigwa brashi zikatoka zote kabla ya spiriti kupakwa, kwa maana spiriti haifiki vizuri penye uchafu, kisha meno yakaachwa yakauke yenyewe. Mzazi akiliona hilo likifanyika kabla ya mwanawe kuketi, ana sababu ya kuwa na imani. Asipoliona, ana haki ya kuliomba, na kinyozi mwenye kuijua kazi yake hatachukizwa.

Ustadi wa Mkono

Methali nyingine hutuasa: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Mbali na funzo lake la kimaadili, methali hii imehifadhi ufundi wa kale. Unywele hunyonya maji ukalainika, na wembe hupita bila kuukwaruza sana. Hata hivyo, funzo hilo ni la enzi ya wembe. Anayetumia mashine ya umeme afanye kinyume chake: nywele ziwe safi na kavu, kwani nywele zenye maji hushikamana, hukatwa kwa urefu usiolingana, na unyevu wake huweza kutia kutu kwenye meno ya mashine.

Tarakimu tulizozitaja awali hurejelea vitana vinavyovishwa kwenye mashine. Kwa kawaida namba 1 huacha nywele zenye urefu wa milimita 3 hivi, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10, na namba 4 milimita 13. Anayejifunza aanze na namba kubwa, kwa sababu nywele ndefu zinaweza kupunguzwa ilhali zilizokwisha kukatwa hazirudishwi. Huhitaji takriban mwezi mmoja kukua kwa sentimita 1. Mashine iendeshwe polepole kinyume cha mwelekeo wa nywele, sikio likunjwe kwa vidole linapofikiwa, na meno yapimwe kwa mkono kila mara, maana hupata joto na yanaweza kumchoma mtoto. Kuhusu imani kwamba kunyoa mara kwa mara huzifanya nywele ziwe nzito, hilo si kweli. Mzizi wa unywele umo ndani ya ngozi, mahali ambapo wembe haufiki.

Mtoto Mwenyewe

Katika mijadala ya aina hii mtoto husahaulika, ilhali kichwa ni chake. Mtoto wa miaka 2 au 3 huogopa mlio wa mashine na uso wa mtu asiyemjua. Kumshika kwa nguvu kibandani mbele ya wageni huweza kumfanya auogope unyoaji kwa muda mrefu, hali nyumbani anaweza kupakatwa, akaonyeshwa mashine ikiwa imezimwa, na kazi ikasitishwa akichoka. Katika umri huo mlezi mwenye mkono mtulivu humshinda fundi.

Mtoto wa shule ni habari nyingine. Huyu anawajibika kwa macho ya wenzake. Nywele zilizoachwa ngazi kwa ngazi, mithili ya zilizotafunwa na panya, humfanya kuwa kichekesho darasani hadi ziote tena. Mzazi anayeokoa shilingi 50 kwa kumwaibisha mwanawe majuma 2 hajaokoa kitu. Isitoshe, mtoto anapopelekwa kwa kinyozi hujifunza kuketi kwa adabu, kuwasikiliza wakubwa wakizungumza, na kueleza anachotaka. Tusisahau pia kwamba kibanda hicho ni riziki ya kijana ambaye huenda hana ajira nyingine.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba swali la nani amnyoe mtoto halina jibu moja kwa familia zote. Mtoto mdogo na mwenye woga anafaa kunyolewa na mlezi wake, mradi chombo ni kisafi na mkono umefunzwa. Mtoto mkubwa anafaa kupelekwa kwa kinyozi aliyechaguliwa kwa usafi kabla ya bei. Familia yenye watoto wengi inaweza kununua mashine ikafaidika. Yenye mtoto mmoja haina haja ya kujilaumu kwa kulipa. Katika hali zote, mtoto akishanyolewa, mzazi amketishe mwangani, apitishe vidole kichwani pote, na kutafuta magamba, mabaka na mikwaruzo. Nywele zikiwa fupi ndipo hayo huonekana, na baka linalogunduliwa mapema hutibiwa kabla halijaenea kwa ndugu na wanadarasa. Kazi hiyo haimo katika bei ya kinyozi yeyote; ni ya mlezi.