Mjukuu Katika Shimo la Mchanga

Katika mito ya mchanga ya Ukambani, vijana wa shule huchimba mchanga siku za Jumamosi na wakati wa likizo ili wapate fedha za madaftari na viatu. Mzee aliyemlea mjukuu wake huona fahari kwamba kijana si mvivu, lakini usiku hapati usingizi.

Hofu yake si ya bure. Wachimbaji hukata ukingo wa mto kwa chini, na udongo wa juu hubaki bila cha kuushika. Ukinyeshewa na mvua huzidi uzito, nao waweza kuanguka ghafula pasipo onyo. Aliyeinama na sepetu akifukiwa hata kifua, hawezi kuvuta pumzi, ijapokuwa kichwa chake ki nje.

Sheria pia yamuunga mkono mzee. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya kulindwa na kazi za hatari, na mtoto ni yeyote asiyetimiza miaka 18. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamruhusu mwenye miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuilia masomo.

Lakini kumkemea kijana tu hakufai, maana haja yake ni ya kweli. Mzee mwenye busara humwuliza kwanza ahitaji shilingi ngapi, kisha humtafutia kazi nyingine: kupalilia mboga, kulisha kuku wa jirani, au kuuza mayai sokoni. Pato litapungua, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.