Je, Wajua? Moto wa Hospitali Unaweza Kuyeyusha Shaba

Wewe wa Kamatanda unayeishi juu ya shaba, sogea hapa benchini. Je, wajua kwamba shaba huyeyuka ikifika nyuzi 1,085 za Selsiasi? Sasa shika hii: tanuru la kisasa la kuchomea taka za hospitali linaweza kufika nyuzi 1,100! Kipande cha mukuba, shaba yenyewe, kikikaa kwenye joto hilo kitatiririka kama uji.

Na wazee wa Katanga walilijua joto hilo zamani. Walijenga matanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia makala na mawe ya kijani ya malakiti, wakavukuta mpaka shaba ikamwagika. Misalaba waliyoitengeneza ilitumika kama fedha, karne nyingi kabla reli haijafika Likasi. Pita leo pale Shituru, kwenye kiwanda cha shaba, uwakumbuke.

Haya, tuendelee. Je, wajua kwamba tanuru la hospitali lina vyumba viwili? Cha kwanza huchoma taka. Cha pili huchoma moshi! Ndiyo, moshi nao huunguzwa, kwa sekunde 2 hivi, kabla haujaachiwa upande bombani. Ukiona bomba linatoa moshi mweusi mzito saa nzima, jua kuna chumba hakifanyi kazi yake.

Je, wajua kwamba sindano haiungui? Plastiki yake huteketea, lakini ncha ya chuma cha pua hustahimili moto huo. Utaikuta ndani ya majivu, haina kijidudu hata kimoja, na bado inachoma! Ndiyo maana majivu ya hospitali hayamwagwi shambani: yanapelekwa kwenye shimo lililojengewa kuta na kufunikwa.

Unajua lipo tanuru ambalo fundi wa matofali anaweza kulijenga? Lilibuniwa na Profesa Jim Picken wa Chuo Kikuu cha De Montfort, mjini Leicester, Uingereza, na michoro yake imesambaa katika nchi nyingi za Afrika. Halina umeme wala feni. Bomba lake refu ndilo linalovuta hewa. Hula kilo 12 hivi za taka kwa saa moja. Ila halina chujio la moshi, basi lijengwe mbali na nyumba za watu.

Na tanuru la kwanza la kuchomea taka za mji? Nottingham, Uingereza, mwaka 1874. Ni zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Sasa shikilia benchi. Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya taka za hospitali haihitaji moto huo hata kidogo? Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 85 ni taka kama za nyumbani kwako: karatasi, maganda ya ndizi, maboksi. Asilimia 15 tu ndizo za hatari. Lakini tupa pamba moja yenye damu ndani ya ndoo ya maganda, na ndoo nzima imekuwa ya hatari! Mimi naamini kazi kubwa kuliko zote katika wodi ni hii ya kutenganisha taka, na anayeifanya vizuri anastahili heshima kama ya daktari.

Je, wajua kisanduku kile cha njano cha kutupia sindano? Cha lita 5 hubeba mabomba 100 hivi ya sindano. Na hakijazwi hadi juu: kikifika robo tatu kinafungwa, hakifunguliwi tena.

Duniani hupigwa sindano bilioni 16 kila mwaka. Bilioni! Ni kama sindano mbili kwa kila mtu aliye hai.

Hii itakuuma, maana ni ya kwetu Kongo. Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi, kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 tu ya sindano kwa wagonjwa wote wa siku. Yalisuuzwa, yakatumika tena. Ndipo ulipojitokeza ugonjwa ambao dunia haikuwa na jina lake, ukaitwa Ebola kwa jina la mto wa huko. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Leo kuna bomba la sindano linalojifunga lenyewe likishatumika mara moja: hata ukitaka kulirudia, haiwezekani!

Miaka 38 baadaye, wagonjwa wa Ebola walitibiwa Atlanta, Marekani. Taka zao zilifika mifuko 40 kwa siku. Wagonjwa wawili tu!

Je, wajua kwamba moto wa uvuguvugu ni hatari? PVC, plastiki ya mifuko na mirija, ikiwa haijachanganywa na kitu ni klorini kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Ikichomwa kwa moto hafifu huzaa sumu iitwayo dioksini. Mwili wako huchukua miaka 7 hadi 11 kupunguza nusu tu ya dioksini iliyoingia.

Kondo la nyuma nalo halifai tanuruni, maana limejaa maji na linapoza moto. Lina shimo lake la peke yake.

Na kuna kitu ambacho moto haukiwezi kabisa: mionzi. Sikiliza, jirani. Shinkolobwe, hapo karibu na Likasi, ilitoa mawe ambayo radiamu yake, iliyosafishwa Olen, Ubelgiji, ilitumika kutibu saratani duniani katika miaka ya 1920. Dawa hiyo huwezi kuichoma ikaisha. Mionzi inabaki majivuni. Mjini Goiânia, Brazili, mwaka 1987, watu walibomoa mashine ya tiba ya saratani iliyotelekezwa. Unga uliokuwa ndani uling'aa bluu gizani, wakaugawana kwa furaha. Wanne walikufa, na 249 walikutwa wamechafuliwa.

Je, wajua kwamba mvuke unaweza kufanya kazi ya moto? Mashine ya mvuke huua vijidudu kwa nyuzi 121 tu, bila moshi. Tanzania, Zambia, Madagaska na Ghana zilishiriki mradi mmoja wa kuingiza mashine hizo hospitalini. Zambia ni hapo tu, ng'ambo ya mpaka!

La mwisho, nawe umwambie mwanao leo jioni. Ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, nawe hujachanjwa, uwezekano wa kuambukizwa unafika asilimia 30. Kwa VVU ni asilimia 0.3. Basi mtoto akiokota sindano jalalani ikamchoma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni, usilikamue, umkimbize kituo cha afya siku hiyohiyo. Dawa ya kuzuia VVU ni lazima ianzwe ndani ya saa 72.